Chui Mweusi Akisomwa Kando ya Mgodi

Mashabiki wa Black Panther, shujaa wa katuni ambaye jina lake halisi ni T'Challa, wana ubishi usiokwisha: T'Challa yupi ndiye hasa? Wapo wanaoapa kwa jina la Jack Kirby, aliyemchora mara ya kwanza. Wapo wanaosema kabla ya mwandishi Christopher Priest hakukuwa na mfalme, kulikuwa na mtu aliyevaa nguo ya kubana tu. Na wapo wengi zaidi, hasa waliomjua kwenye skrini, ambao tangu 2018 hawawezi kumpa sura nyingine isipokuwa ya Chadwick Boseman. Ubishi huo kwa kawaida huamuliwa kwa mavazi, kwa ngumi, na kwa nani alimpiga nani.

Huku Kinsevere, kilometa kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi, kipimo hicho hakitoshi. Wakanda, nchi anayoitawala T'Challa, ni nchi ya kubuni ya Kiafrika inayoishi kwa mgodi mmoja wa madini ya vibraniamu, na Kinsevere ni mahali ambapo dunia isingepajua kama si mgodi mmoja. Mtu wa hapa akisoma habari za T'Challa huuliza mambo ambayo msomaji wa New York hana haja nayo. Mgodi uko wapi katika hadithi hii? Nani anaingia shimoni? Hati ya umiliki iko mkononi mwa nani? Ukiwapima wafalme wote wa Wakanda kwa maswali hayo, orodha ya walio bora inavurugika, na baadhi ya wapenzi wa watu wanaporomoka.

Tuanze na mwaka wake wa kuzaliwa. T'Challa alitokea katika toleo la 52 la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Anawaalika mashujaa wanne wa Marekani nyumbani kwake, kisha anawawinda mmoja mmoja. Toleo la 53 linatoa sababu: alikuwa anajipima nguvu kabla ya kulipiza kisasi kwa Klaw, mgeni aliyemuua baba yake, T'Chaka, ili apate vibraniamu. Kwa hiyo shujaa huyu hakutokana na sayari iliyolipuka wala na buibui mwenye mionzi. Alitokana na Mzungu aliyekuja na silaha kutafuta madini.

Mwezi Juni mwaka huohuo Kongo ilipitisha Sheria ya Bakajika, iliyorudisha kwa dola ardhi na haki za madini zilizogawiwa na wakoloni. Elisabethville ikaitwa Lubumbashi. Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu akaitaifisha Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906 na ambayo ilikuwa imefanya shaba yetu kuwa mali ya Brussels. Sidhani kama Kirby, kwenye meza yake ya kuchorea, alikuwa akifuatilia sheria za ardhi za Kinshasa. Hata hivyo swali la madini ni ya nani lilikuwa limeenea kila mahali miaka ile, na lilimfikia hata mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora watu wa mawe na watu wa moto.

Lakini msomaji wa Kongo hakuwa anamwona mtu-chui kwa mara ya kwanza. Katika Tintin au Congo, ambayo Hergé aliichora mwaka 1930 na 1931 kwa ajili ya watoto wa Ubelgiji, yumo mtu wa Aniota, chama cha siri cha watu-chui: kajifunika ngozi ya chui, ana kucha za chuma, na kazi yake ni kuvizia. Nyuma yake kuna sanamu ya Paul Wissaert iliyosimama miaka mingi katika makumbusho ya Tervuren, ambako watoto wa Kibelgiji walipelekwa ili waogope. Chéri Samba aliichora sanamu hiyo mwaka 2002: Waafrika wanaivuta kwa kamba itoke nje, wenye makumbusho wanaishikilia isiondoke. Kwa miongo kadhaa, huyo ndiye chui mweusi aliyekuwepo katika katuni tulizoletewa. T'Challa alipofika, alikuta ngozi hiyo imeshavaliwa na adui.

Na halafu tulikuwa na chui wetu wa nyama na damu. Mobutu alitawala miaka 32 akiwa na kofia ya ngozi ya chui kichwani. Timu ya taifa ikaitwa Léopards, ikachukua Kombe la Afrika mwaka 1974 na mwaka huohuo ikaenda Kombe la Dunia. Mfalme wa Kiafrika mwenye alama ya chui, aliyeshika madini yote ya nchi kwa mkono mmoja, kwa wengine ni ndoto tamu; sisi tulimwona akipita kwa msafara. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa tani zipatazo 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mobutu hakuwa na vazi la vibraniamu, ingawa risasi hazikumpata pia.

Kwa mtu aliyepitia hayo, toleo la kwanza la T'Challa lenye uzito ni la Don McGregor. Jungle Action lilikuwa jarida lililochapa upya hadithi za miaka ya 1950, za Wazungu wenye misuli wakiokoa misitu ya Afrika dhidi ya Waafrika. McGregor alilalamika, akapewa aandike yeye. Kuanzia toleo la 6 la Septemba 1973 hadi la 18, alitunga hadithi moja ndefu, Panther's Rage, ikichorwa na Rich Buckler, Gil Kane, na zaidi ya wote Billy Graham, mmoja wa Wamarekani weusi wachache waliokuwa wakipata kazi hiyo wakati ule. T'Challa anarudi nyumbani kutoka Marekani, ambako alikuwa akipigana pamoja na Avengers, akiwa na mpenzi wake Monica Lynne, mwimbaji wa kule. Anakuta nchi imechoka. Mfalme amekuwa safarini muda mrefu mno, na amerudi na mgeni. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza: kiongozi aliyeko ng'ambo kwa faida ya taifa ni mtu tunayemjua vizuri.

Ndipo anapotokea Erik Killmonger kwa mara ya kwanza, na anapata wafuasi kwa sababu malalamiko yapo tayari. McGregor anampeleka mfalme chini ya ardhi, kwenye mahandaki, ambako wafuasi wa Killmonger wanachimba vibraniamu kwa siri. Ni mara ya kwanza mgodi wa Wakanda kuwa mahali pa kazi na si ghala la ajabu. Anawapa Wakanda nyumba, ndoa zinazoyumba, washauri waliochoka, mtoto anayeishi mbali na ikulu. Mwishoni, T'Challa akiwa ameshindwa, ni mtoto huyo, Kantu, anayemsukuma Killmonger kwenye maporomoko. Mfalme haokoi nchi. Anaokolewa na mwana wa raia. Kasoro ya McGregor ni maneno. Anajaza kila chumba cha picha kwa sentensi hadi mchoraji anakosa hewa, na ukurasa mmoja wake unahitaji muda wa kumaliza sahani ya bukari.

Kilichofuata kinaweza kupitwa haraka. Mwaka 1977 Kirby alirudi kumchukua mtoto wake na kumpeleka kutafuta chura wa shaba wa Mfalme Suleimani mwenye uwezo wa kuvuta watu kutoka nyakati nyingine. Picha ni za nguvu; mgodi umesahauliwa kabisa. Reginald Hudlin, kuanzia 2005, alimfanya T'Challa kuwa mrithi wa nchi isiyowahi kushindwa na mvamizi yeyote tangu kale, na kazi yake ikawa katuni ya televisheni mwaka 2010, sauti ya mfalme ikiwa ya Djimon Hounsou. Inafurahisha, nami niliifurahia. Ila nchi isiyowahi kuvamiwa haina cha kumwambia mtu wa Katanga. Huku mfalme aliyekaribia kufanana na T'Challa alikuwa Msiri wa Bunkeya, aliyetoka Unyamwezi na kujenga dola kwa shaba na pembe za ndovu. Alikataa bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, na hapakuwa na toleo la pili.

Christopher Priest ni habari nyingine. Mfululizo wake ulianza mwaka 1998 na kwenda matoleo 62. Msimulizi ni Everett K. Ross, Mzungu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, mwoga na mropokaji, ambaye haelewi anachokiona. Na kwa kuwa haelewi, T'Challa anabaki na siri zake. Priest ndiye aliyetuletea Dora Milaje, wanawake wanaomlinda mfalme. T'Challa wake alijiunga na Avengers ili awapeleleze. Lakini kinachomweka juu kwa kipimo changu ni tukio ambalo mashabiki wa ngumi hulisahau: Killmonger anashambulia uchumi wa Wakanda, na mfalme anajibu kwa kutaifisha kampuni zote za kigeni zilizoko nchini. Masoko ya hisa ya dunia yanatikisika.

Hilo ndilo jambo ambalo Kongo ililifanya kweli, miaka 30 na zaidi kabla ya Priest. Matokeo hayakufanana. Ubelgiji ilizuia shaba isiuzwe, na kufikia Februari 1967 Kinshasa ilikubali kampuni ya kundi lilelile, Société Générale des Minerais, isimamie kazi na kuuza shaba hiyo kwa malipo ya asilimia. Priest anajua kwamba kutaifisha ni silaha. Hakuandika sura inayofuata, ya nani anajua kuendesha mtambo na nani ana namba za simu za wanunuzi. Bado, hakuna mwandishi mwingine wa mashujaa aliyewahi kuniletea hati za kampuni katikati ya ugomvi na nikaendelea kufungua kurasa.

Ta-Nehisi Coates alipokabidhiwa Wakanda mwaka 2016, watu walinunua toleo la kwanza kwa wingi usio wa kawaida, wengi wao kwa jina lake la uandishi wa magazeti. Sijui wangapi walijiandaa kwa kurasa zile za mwanzo. Hazianzi ikulu. Zinaanza kwenye Great Mound, kilima chenye vibraniamu, na mfalme yuko chini, anavuja damu, katikati ya wachimbaji wake mwenyewe. Brian Stelfreeze hakuwachora kama umati usio na sura. Amewapa zana zao za kazi na macho yenye mwanga wa kijani. Walinzi wa mfalme wanafyatua. Wanaoanguka ni raia. Baadaye tunaelezwa kwamba mwanamke aitwaye Zenzi, kutoka nchi jirani ya Niganda, amechochea mioyo yao, lakini Coates ni makini hapo: Zenzi hapandi hasira, anaitoa nje ile iliyokuwemo.

Yeyote aliyeishi jirani na mgodi wa Haut-Katanga au Lualaba anaijua picha hiyo bila mwanga wa kijani. Wachimbaji upande mmoja, sare upande mwingine, na katikati mtu mkubwa aliyekuja kuwasalimia. Coates hakumaliza vizuri. Matoleo 12 ya hadithi hiyo yana wanafalsafa wengi kuliko chuo kikuu, na wachimbaji wa ukurasa wa kwanza wanapotea mapema, wakiacha nafasi kwa watu wanaozungumza kwa aya. Mwisho mfalme anakubali katiba. Hakuna anayetaja mishahara. Hata hivyo zile kurasa chache za Great Mound ndizo T'Challa wangu. Kwa mara moja mfalme wa Wakanda yuko mgodini mchana, wafanyakazi wapo, na hajui la kuwaambia.

Sasa filamu, kwani kuipita kimya kungekuwa ni kujifanya. Black Panther ya Ryan Coogler ilitoka Februari 2018, na Afrika Mashariki iliipokea kama harusi ya nyumbani. Kisumu ilifanya onyesho lake maalumu, maana Lupita Nyong'o ni binti wa gavana wa wakati ule. Florence Kasumba, Dora Milaje asiyetabasamu, alizaliwa Kampala. Picha za angani zilipigwa Uganda na nchi nyingine za Afrika, ingawa ikulu yenyewe ilijengwa studio, Atlanta. Ruth E. Carter, Hannah Beachler na Ludwig Göransson wakachukua Oscar kwa mavazi, mandhari na muziki. Boseman alimcheza mfalme kwa utulivu ambao hakuna mchoraji aliyeufikia. Anasikiliza kabla ya kujibu, jambo adimu kwa wafalme na kwa mashujaa wa sinema. Alifariki Agosti 2020, na tangu hapo imekuwa vigumu kuisema filamu hiyo vibaya bila kuonekana huna adabu.

Nitajaribu kwa adabu. Pambano la mwisho liko ndani ya mgodi. T'Challa na Killmonger wanapigana kwenye reli, magari ya vibraniamu yakipita kwa kasi, taa za buluu zikiwaka. Mgodi ni safi. Hauna vumbi, hauna kofia ngumu, hauna zamu ya usiku, na hauna mtu. Madini yanachimbika yenyewe. Kisha mfalme anaamua kushiriki utajiri na dunia, na mahali anapochagua kuanzia ni Oakland, California. Wiki chache baadaye, tarehe 9 Machi 2018, Rais Joseph Kabila alitia saini Kanuni mpya ya Madini ya Kongo: mrabaha wa shaba ukapanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, ule wa madini ya kimkakati ukawa asilimia 10, na mgawanyo ukaandikwa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 utawala wa mahali penye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ni maandishi makavu kuliko hotuba ya T'Challa mbele ya Umoja wa Mataifa, na utekelezaji wake una hadithi zake. Lakini angalau hesabu imewekwa mezani na wanaoishi karibu na shimo wametajwa.

Filamu hiyo ilikusanya yapata dola bilioni 1.3 duniani kote. Karibu kiasi hichohicho ndicho kampuni ya MMG ilichotoa mwaka 2012 kuinunua Anvil Mining, ambayo mali yake kuu ilikuwa Kinsevere. Kwa hiyo mgodi wa kubuni na mgodi wa kweli ina bei moja sokoni. Wa kweli una mwenye haki za madini, Gécamines, aliyeko Lubumbashi. Una mpangaji, MMG, mwenye makao Melbourne. Na mpangaji huyo ana mwenye hisa nyingi, China Minmetals, aliyeko Beijing. Jaribu kuchora familia ya kifalme kutokana na hao.

Kuna mahali ambapo watunzi walipatia kuliko walivyojua. Katika Wakanda kuna mmea wenye umbo la moyo, uliobadilishwa na vibraniamu iliyomo ardhini, na ndio unaompa mfalme nguvu. Katanga tunao wa namna hiyo. Vilima vyenye shaba nyingi hapa havina miti. Vinabaki vipara katikati ya miombo, na juu yake huota mimea inayovumilia sumu ya udongo huo. Mmoja ni Haumaniastrum katangense, mdogo, wenye vichwa vya maua ya zambarau, ambao wajiolojia waliutumia kama alama ya kutafuta shaba, na wanaakiolojia wakaufuata kupata tanuri za kale za wayeyushaji wetu. Hauna nguvu za kifalme, na vilima vyake vingi vimeshachimbwa.

Kuhusu kuficha madini, ambako ndiko msingi wa siasa ya Wakanda, Katanga ina somo la kinyume. Madini yetu ya siri yalifichwa na wengine. Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,000 za urani ya Shinkolobwe hadi Staten Island mwaka 1940. Marekani ikazinunua, na mnamo Agosti 1945 Hiroshima ikajua zilikuwa za nini. Waliozichimba hawakuambiwa. Serikali ya Kongo yenyewe ilikaribia kufanya kama Wakanda tarehe 22 Februari 2025, iliposimamisha usafirishaji wa kobalti, wakati nchi hii inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Haikuwa kwa fahari. Bei ilikuwa imeanguka mno, na Kinsevere yenyewe ilikuwa imejengewa mtambo wa kobalti katika upanuzi ulioidhinishwa 2022, bei ikiwa bado tamu. Oktoba 2025 zuio likageuka kuwa mgao. Sijawahi kusoma hadithi ya Wakanda ambamo bei ya vibraniamu imeshuka, na nadhani hapo ndipo penye uchawi wa kweli.

Filamu ya pili, Wakanda Forever ya 2022, haipendwi kama ya kwanza. Ni ndefu, ina msiba mkubwa wa kubeba, na Shuri, dada wa T'Challa, anachelewa kuvaa nguo ya chui. Mimi naiweka juu ya ya kwanza. Humo kila mtu anatafuta madini: mwanafunzi wa chuo ametengeneza mashine ya kutambua vibraniamu kwa ajili ya somo darasani, na Wamarekani wanaizamisha baharini, mamluki wa Kifaransa wanavamia kituo cha Wakanda nchini Mali, na malkia Ramonda anawaleta wakiwa wamefungwa mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa, huku mjumbe wa Ufaransa akitazama pembeni. Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilaani hadharani namna askari wa nchi yake walivyoonyeshwa. Filamu ya kwanza ilimfurahisha kila mtu, wakiwemo wenye migodi.